Saa 8:00 ya nani?

Mwezi uliopita mamkubwa wangu alipata meseji kutoka hospitali moja hapa Dar: "Miadi yako ya kliniki ni kesho saa 8:00. Tafadhali usichelewe." Mamkubwa si mtu wa kuchelewa. Kesho yake akala mapema, akajifunga kanga yake, akapanda daladala, saa saba na nusu mchana yuko kwenye benchi la mapokezi na kadi mkononi. Nesi akamwangalia, akaangalia kompyuta, akamwambia mama we ulitakiwa asubuhi, daktari ameshaondoka. Akapangiwa wiki 3 mbele, wakati vidonge vya presha vilibaki vya siku 4.

Kilichoniuma mi ni yule nesi kumuuliza "kwani mama hukuisoma meseji?" Kaisoma vizuri sana! Saa 8 ni saa nane, na saa nane kwa mtu aliyelelewa na Kiswahili ni mchana watu wameshakula ubwabwa wao wanatafuta kivuli. Aliyetengeneza ile programu alikuwa na 8:00 ya asubuhi kichwani, yaani saa mbili yetu, akabandika neno "saa" mbele yake akaenda zake. Meseji ilifika kwa wakati, mtandao safi, kila kitu cha kiufundi kilikaa sawa, ila mle ofisini hakuna aliyeuliza hii 8 ni ya nani. Kuandika "saa 2 asubuhi" wala kusingewapunguzia nafasi, neno asubuhi lina herufi 7 tu.

Kuuliza maswali ya hivo ndo kunakonilipia kodi ya nyumba. Mi ni mfasiri, nafasiri madodoso ya utafiti, fomu za ridhaa, vimeseji vya kliniki, na kabla ya hapo nilisoma insia. Najua, nusu yenu mmesoma hilo neno mkadhani nimekosea kuandika. Pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuna Ndaki ya Insia kabisa, na ndani yake ndo wanakaa watu wa lugha, historia, fasihi, falsafa, akiolojia, sanaa. Mtaani tunaitwa watu wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), na utani wake mnaujua, kwamba sayansi ilitushinda form two tukakimbilia kukariri majina ya machifu. Kuna ukweli kidogo hapo sikatai (fizikia ilinitesa). Ila nikiulizwa insia inahusu nini, jibu langu ni kwamba inahusu vile vitu ambavyo viko duniani kwa sababu tu binadamu kavipa maana. Presha ya mamkubwa inapimwa na kile kimpira cha mkononi, haina ubishi. Lakini mamkubwa akisema "yule mtoto kanipandisha presha", hiyo presha huipimi kwa kimpira, na daktari asiyejua tofauti ya presha hizo mbili ataandika kitu cha ajabu kwenye faili.

Turudi kwenye saa kidogo maana napenda sana hii habari. Huku kwetu hatuko mbali na ikweta, jua linachomoza na kuzama karibu muda uleule mwaka mzima, kwa hiyo kuanza kuhesabu saa pale jua linapochomoza ni hesabu yenye akili kabisa, saa moja ni saa ya kwanza ya mwanga imekamilika. Jua likizama unaanza upya. Na kwa wazee wa pwani siku yenyewe inaanzia magharibi, ndo maana bibi akikwambia njoo usiku wa Ijumaa anamaanisha Alhamisi jioni, ukienda Ijumaa usiku umekuta shughuli imeisha na masufuria yameshaoshwa. Halafu angalia majina ya siku. Jumamosi ni ya mosi, Jumapili ya pili, unahesabu tatu, nne, unafika Jumatano, siku ya tano. Inayofuata? Alhamisi. Na Alhamisi ni Kiarabu, maana yake ni hiyohiyo siku ya tano, kwa sababu wao wanaanza kuhesabu Jumapili. Yaani kila wiki tunapita siku ya tano mara mbili, ya Kibantu kisha ya Kiarabu, na hakuna anayeshtuka. Historia nzima ya pwani iko kwenye kalenda ya ukutani, ile ya bure ya duka la vifaa vya ujenzi.

Haya, wengine mtasema hizo ni stori za barazani. Sawa. Ngoja niwape ya kazini.

Miaka kadhaa nyuma niliitwa kurekebisha dodoso la afya ya akili ambalo lilikuwa limeshapelekwa kijijini kujaribiwa. Swali mojawapo lilisomeka: "Katika wiki mbili zilizopita, umejisikia uko chini mara ngapi?" Kwa Kiingereza mtu mwenye huzuni yuko chini, mfasiri aliyenitangulia akalibeba neno zimazima. Nikakaa na kijana anayekusanya data tukamsikiliza akimuuliza bibi mmoja. Bibi akacheka. "Chini nipo mwanangu, si unaniona niko mkekani?" Kijana akauliza tena, ni mara ngapi? "Kila siku." Akaweka tiki, kila siku. Bibi wa watu mzima kabisa, anasuka ukili huku anatania wajukuu, kwenye kompyuta tayari ni mgonjwa.

Tukakaa siku mbili tunajaribu maneno. Kamusi ina "sonona", neno zuri, lakini pale kijijini hakuna aliyelijua. Tukajaribu "moyo mzito", mzee mmoja akaanza kutuelezea moyo wake unavyodunda akipanda mlima. Mwisho nikamuuliza mama mmoja, wala sikuwa nasoma fomu, "mama, una mawazo?" Akanyamaza. Akasema, "Mawazo ninayo, tangu baba yao afariki." Akaongea nusu saa, silali, chakula hakipiti, watoto wakicheka nakereka. Karibu kila dalili tuliyotaka kuuliza aliitaja mwenyewe kwa mpangilio wake. Neno tulikuwa nalo mdomoni siku zote, kila mtu anajua "ana mawazo" si sawa na "ana wazo", ila kwenye dodoso halikuwemo kwa sababu lilionekana la mtaani mno.

Zimbabwe waliliona hili mapema kuliko sisi. Kishona wana neno kufungisisa, kufikiri kupita kiasi (kwao kufunga ni kufikiri, isikuchanganye na kufunga mlango). Daktari wa akili Dixon Chibanda alipoanza kazi yake Mbare, Harare, mwaka 2006, hakuwa na madaktari wenzake wa kumsaidia, alikuwa na akina bibi 14 wa afya ya jamii. Kazi yao ilikuwa kukaa na wagonjwa kwenye benchi na kuongea nao, na yeye alitaka kuliita benchi la afya ya akili. Akina bibi wakamwambia hapo hakai mtu, liite benchi la urafiki. Wakakaa na watu, wakaongea nao kuhusu kufungisisa kwa Kishona cha kawaida. Utafiti uliotoka 2016, wenye watu 573, ulionyesha waliopitia benchi walibaki na dalili chache kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Dawa hazikudharauliwa pale, ila neno lilitangulia, na neno lile lilitoka kwa bibi wala halikutoka maabara.

Ebola Afrika Magharibi 2014 pia ilifundisha kwa gharama kubwa. Guinea, Liberia na Sierra Leone watu walikuwa wanafiwa, wanakuja wageni wamevaa manguo ya plastiki, wanachukua maiti kwenye mfuko wanaondoka nayo, haikuoshwa, haikuombewa, familia haijui imezikwa wapi. We ungekubali? Watu wakaanza kuficha wagonjwa na kuzika usiku, na maiti ya Ebola inaambukiza vibaya. Wanaanthropolojia na viongozi wa dini ndo wakawa wanakaa na wazee kuuliza kipi kwenye mazishi hakiwezi kuachwa na kipi kinaweza kubadilishwa, na mwishoni mwa 2014 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa mazishi salama yenye heshima, familia ihusishwe, kaburi lijulikane, dua isomwe.

Kwa hiyo mtu akiniambia insia haiokoi maisha huwa namwachia tu aongee. Ila na sisi tuna makosa yetu, tena makubwa. Tunaandikiana wenyewe kwa wenyewe, makala kurasa 30 kuhusu fasihi simulizi ambayo bibi aliyeisimulia hawezi kuisoma, halafu tunashangaa serikali inatuona mapambo. Nimekaa kwenye makongamano nikasinzia, sitaji wapi.

Darasa lililonikaa zaidi kichwani ni la Vita vya Majimaji. Tulipewa kulinganisha vitu viwili. Upande mmoja ripoti za maofisa wa Kijerumani, ambazo nyingi zinalaumu waganga na ushirikina, kwamba watu walidanganywa na maji ya dawa ya mganga Kinjikitile wa Ngarambe, ambaye Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Upande wa pili masimulizi ya wazee ambayo wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu walitumwa kuyakusanya kusini miaka ya 1960 mwishoni, wazee wengine waliiona vita kwa macho yao. Hao wazee wanaongelea maji, ndiyo, lakini wanaongelea sana pamba: kulimishwa shamba la pamba kwa lazima, viboko vya akida, malipo ya kicheko, shamba lako mwenyewe linaota magugu. Ndo maana Wamatumbi walianza kwa kung'oa pamba. Sasa ofisa anayeandika ripoti kwa bosi wake Berlin, ipi ni nafuu kwake kuandika, watu wamerogwa au watu tumewachosha? Mwalimu wetu alikuwa anarudia hadi tunachoka: kaandika nani, kamwandikia nani, na alikuwa anaogopa nini.

Na hilo swali nimelitumia nyumbani mwaka huu. Kuna shamba la babu, ekari 2 na minazi, ba'mdogo anadai ni lake na ana karatasi. Kweli anayo, nimeishika, imekunjwa mpaka mikunjo imetoboka, mwandiko mzuri wa mtu wa zamani: "Mimi nimemwachia mwanangu mdogo shamba la bondeni mbele ya mashahidi." Na dole gumba la babu. Nusu ya ukoo wanasema hiyo ni mirathi imeisha, nusu wanasema hapana, alimwachia alitunze tu wakati babu mwenyewe alipokwenda kufanya kazi Tanga. Sasa "nimemwachia" hiyo inabeba mangapi? Nimemwachia mtoto kwa jirani, nitamfuata jioni. Nimekuachia kwa elfu kumi, yaani nimekuuzia. Ameacha mke na watoto, yaani amekufa. Kwenye kikao mwanasheria wa ukoo, kijana wetu, alikuwa anataka tuangalie sheria, nikamwambia subiri kwanza, sheria ya kitu gani? Hata hatujajua babu alisema nini.

Nikaangalia karatasi tena. Dole gumba ni la babu lakini mwandiko si wake, babu hakujua kuandika, na chini kwenye kona kuna jina la mwandishi na neno "fundi". Mamkubwa, huyuhuyu wa saa nane, akasema huyo alikuwa fundi cherehani pale sokoni, ndo alikuwa anawaandikia watu barua, na yuko hai anakaa kwa binti yake Kigamboni, macho tu ndo hayaoni. Kikao kimeahirishwa. Tunaenda kumuona Jumapili saa nne, na nimewatumia wote meseji nimeandika saa nne asubuhi.