Mikoko kufa wima

Mikoko hufa wima pale miti inapokauka ikiwa imesimama, bila shoka wala moto. Watu hulaumu chumvi kwanza. Lakini maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, na mchu, aina mojawapo ya mikoko, huyavumilia: lamba jani lake utaionja chumvi iliyoitoa. Mara nyingi kinachoua ni kukosa pumzi.

Tope la mikokoni halina oksijeni. Mchu hupumua kwa mizizi inayochomoza wima kama penseli, mkoko wenyewe (Rhizophora) kwa mizizi ya mihimili yenye vitundu vidogo. Maji yakipwa, hewa huingia. Yakituama, au vitundu vikifukiwa, mizizi huanza kuoza, huku bakteria wa tope wakitoa salfidi, ndiyo ile harufu ya mayai viza. Majani huwa manjano, kisha hupukutika. Mvua za El Niño za 1997–98 zilishusha tope jingi katika hori ya Mwache, Mombasa, likafukia mizizi na eneo kubwa la mikoko likafa.

Bahari inayopanda hufanya jambo hilohilo polepole. Mikoko hujiinua kwa kunasa tope na kuongeza mizizi, ila bahari ikipanda zaidi ya milimita 6 hivi kwa mwaka, mingi haiwezi kwenda nayo. Mizizi ikishakufa, udongo iliyoushikilia hushuka, maji yakazidi kina, na miche mipya haishiki.

Njia iliyobaki ni kurudi nyuma, bara. Huko chumvi inakuwa muuaji kweli: miti ya maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, haina namna ya kuichuja, na miche yake hufa kabla ya miti mikubwa. Mikoko ingechukua nafasi hiyo, isipokuwa imezuiwa na ukuta, barabara au boma la shamba la mpunga.

Kosa la kawaida ni kukimbilia kupanda. Ukichomeka miche ya mkoko palepale ilipofia mingine, utaipoteza. Angalia kwanza maji yanakaa saa ngapi baada ya kupwa, wakati wa bamvua, yanapojaa na kupwa sana, na wa maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Kama yametuama, zibua kalvati au chimba mfereji yatoke. Kwenye tope la mbele, upande wa bahari, linalozama kila siku, mlilana, aina nyingine ya mikoko, ndio mti wa mahali hapo. Maji yakirudi kupwa na kujaa, na mikoko hai ikiwa karibu, mara nyingi mbegu huletwa na bahari yenyewe.