Eti bibopu ilimwacha nyuma Mary Lou Williams?

Ukimtaja Mary Lou Williams utasikia ah, yule mama wa swingi, ile jazi ya bendi kubwa ya kuchezea dansi, mpiga piano wa bendi ya Andy Kirk kule Kansas City miaka ya 1930, bibopu, jazi mpya ya kasi na ngumu zaidi, ilivyoingia akapotea. Jamani hapana. Inaniuma kila nikiisikia hiyo, maana miaka ya 1940 nyumba yake ya Hamilton Terrace, Harlem, New York, ndo ilikuwa kijiwe cha hao hao vijana wa bibopu, Thelonious Monk, Bud Powell, Tadd Dameron, Dizzy Gillespie, wakimaliza kazi usiku wanaenda kwake, wanakaa kwenye piano wanapigiana walichotunga na kuulizana mawazo mpaka kunakucha. Yeye kazaliwa 1910, Monk 1917, Powell 1924, yaani alikuwa dada mkubwa kwao. Na hakuishia kuwakaribisha tu, mwaka 1945 alitoa Zodiac Suite, vipande 12 kimoja kwa kila nyota ya unajimu, tarehe 31 Desemba mwaka huo akaipiga ukumbi wa Town Hall, New York. Halafu 1949 Gillespie akarekodi In the Land of Oo-Bla-Dee, wimbo ambao Mary Lou aliuandika na Milton Orent. Sasa mtu aliyeachwa nyuma anawaandikiaje waliomwacha?

Wengine wanasema aliingia kwa mgongo wa mume. Ni kweli mumewe John Williams, mpiga saksafoni, alitangulia kwenye bendi ya Kirk, lakini sauti ya ile bendi aliipanga yeye, nani apumzike, saksafoni zijibizane vipi na tarumbeta, sikiliza Walkin' and Swingin' ya 1936 utaelewa. Mwaka uliofuata Benny Goodman, nyota mkubwa kabisa wa swingi wakati ule, akarekodi Roll 'Em, utunzi wa Mary Lou. Hapo mume anaingiaje?

Kuna na hii ya kwamba alichoka akaacha muziki 1954. Aliondoka jukwaani Paris mwaka huo kweli, akajikita kwenye sala na kuwasaidia wanamuziki walioharibiwa na dawa za kulevya, akabatizwa Mkatoliki 1957, na mwaka huohuo akarudi jukwaani kwenye tamasha la jazi la Newport, Marekani, akiwa na Gillespie. Baada ya hapo akaanza kutunga muziki wa kanisani wenye jazi ndani yake, na 1975 misa yake ikapigwa St. Patrick's Cathedral, New York.

Aprili 1977, na miaka 66 yake, alikaa ukumbi wa Carnegie Hall, New York, piano mbili na Cecil Taylor, mtu wa jazi huru kabisa isiyofuata njia za kawaida, wazee wengi wa swingi wasingethubutu. Mwaka huohuo akaanza kufundisha Duke University, wanafunzi wanapitishwa kote, nyimbo za kiroho, ragitaimu, bluzi, swingi, bibopu, na alikuwa bado mwalimu pale alipofariki Mei 1981.