"Ni Uzee Tu, Sista": Dhana Potofu za Wanaouguza Wagonjwa Nyumbani

Mimi ni muuguzi wa kutembelea wagonjwa majumbani, na kuna sentensi ninayoambiwa mlangoni hata kabla sijavua viatu, iwe ni Kayole, Buruburu au Kangemi hapa Nairobi: "Sista, akili imeanza kupotea, lakini ni uzee tu." Nikiuliza ilianza lini, naambiwa Jumatatu. Jumapili alikuwa anakosoa mahubiri na kuuliza bei ya unga. Leo hajui yuko kwa nani.

Uzee hauingii kati ya Jumapili na Jumatatu. Ugonjwa wa kusahau huja polepole, kwa miezi na miaka. Kuchanganyikiwa kulikoanza kwa siku mbili tatu, kunakozidi usiku na kupungua asubuhi, ni dalili ya hatari kama vile maumivu ya kifua, na kuna chanzo chake: nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, sukari iliyoshuka, malaria kwa aliyetoka ushago juzi, au dawa. Hiyo ya mwisho ndiyo familia huisahau, kwa sababu dawa yenyewe mara nyingi hawaihesabu kuwa dawa.

Nazungumzia dawa za antikolinejiki. Mishipa ya fahamu hutumia kemikali iitwayo asetilikolini kuamrisha tezi za mate, utumbo, kibofu na macho, na ubongo huihitaji ili kukumbuka na kumakinika. Dawa hizi huziba njia ya amri hiyo. Basi mdomo unakauka, choo kinakuwa kigumu, mkojo unakwama, maandishi ya karibu hayasomeki, moyo unakwenda mbio na akili inavurugika. Mzee huumia zaidi kwa sababu ini na figo zake huchelewa kuitoa dawa mwilini, na asetilikolini ya ubongo wake imeshapungua. Klofeniramini, dawa ya mzio ya kundi hili ambayo wengi tunaiita Piriton, hata kwa mtu mzima mwenye afya huchukua takriban saa 20 kupungua hadi nusu. Mpe mzee mara tatu kwa siku, na cha jana kinamkuta cha juzi bado kipo.

Kila mtu ananijibu kwamba Piriton haina neno, mbona inauzwa bila cheti? Inauzwa hivyo kwa kumfikiria mtu mwenye figo nzima, anayewashwa na ngozi, atakayeimeza siku chache na kuiacha. Haikupimwa kwa mzee wa miaka 78 ambaye tayari anameza vidonge vingine sita. Tena Piriton haiji peke yake. Ndani ya vidonge vingi vya mafua na sirapu za kikohozi mna klofeniramini au ndugu zake. Prometazini ya kutapika ni ya ukoo huohuo. Amitriptilini ya miguu inayowaka kwa kisukari nayo imo, pamoja na oksibutinini ya kibofu, benzeksoli ya mtetemeko, na hayosini ya tumbo linalosokota. Kila moja peke yake huenda ikavumilika. Zikikutana katika mwili mmoja, mzigo unajumlishwa.

Baridi ya Julai iliyopita nilimkuta mzee mmoja Umoja akinyofoa nyuzi kwenye blanketi, nyuzi ambazo hazikuwapo, na akimwita kaka yake aliyezikwa zamani. Ana kisukari na tezi dume iliyotanuka. Kliniki walimwandikia amitriptilini ya usiku, na hilo ni jambo la kawaida lenye maana. Alipopata mafua, binti yake akanunua Piriton karibu na steji, kwenye ile bahasha ndogo ya kaki iliyoandikwa "1×3", akaongeza sirapu aliyopewa na jirani. Nikauliza kuhusu mkojo. "Anakojoa sana tu, daipa haikauki." Nikaweka mkono chini ya kitovu: pamejaa, pamekaza, na mzee akakunja uso. Daipa ilikuwa na unyevu kwa sababu kibofu kilichofurika kilikuwa kinavuja matone. Hospitalini walimwekea mpira wa mkojo, ikatoka zaidi ya lita moja. Piriton na sirapu zikasimamishwa, daktari akapunguza amitriptilini, na ndani ya wiki mzee alikuwa anauliza nani ameficha rimoti.

Binti huyo anampenda baba yake, na sina la kumlaumu. Ninachokasirikia ni kwamba hakuna aliyemuuliza mzee ana miaka mingapi, ana tezi dume, anatumia nini kingine, kabla ya kumkabidhi ile bahasha. Hizi si siri. Orodha ya Beers, inayotaja dawa za kuepukwa kwa wazee, ilianza mwaka 1991 Marekani, na toleo lake la 2023 bado linasema dawa za zamani za mzio, Piriton ikiwamo, ziepukwe kwa wenye miaka 65 na zaidi. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti kutoka jimbo la Washington uliofuatilia wazee 3,434: waliotumia dawa kali za kundi hili kwa wingi na kwa muda mrefu walipata ugonjwa wa kusahau zaidi ya wasiozitumia. Hilo halithibitishi kwamba dawa ndiyo iliyouleta, lakini linatosha kutufanya tuache kuzigawa kama njugu.

Na ile Piriton ya "kumlaza" shosho usiku? Najua kwa nini inatolewa. Anayemuuguza hajalala siku nyingi, na asubuhi anatakiwa kazini. Lakini usingizi huo mwili huuzoea upesi, kisha kinachobaki ni mdomo mkavu, choo kigumu, na shosho anayeamka saa nane usiku akiyumba kwenda msalani. Nyonga iliyovunjika itawanyima usingizi nyumba nzima. Mtoe nje kwenye jua asubuhi, punguza usingizi wa mchana, asinywe chai ya rangi jioni, na uangalie kama kinachomwamsha ni maumivu au mkojo. Akiwa anawashwa, uliza kuhusu loratadini au setirizini, dawa mpya zaidi za mzio, ukisema wazi kama ana shida ya figo, kwa maana kipimo hubadilika.

Ushauri wangu, na wanaonijua wamechoka kuusikia: mfuko mmoja. Tia ndani kila kinachoingia mwilini mwa mgonjwa, cha hospitali, cha duka la dawa, cha jirani, cha mitishamba, hata matone ya macho. Kila ukienda kliniki, mwaga vyote mezani na uulize kimoja kimoja: "Hiki bado ni cha nini?" Usiende na kumbukumbu, nenda na mfuko.

Sasa kuna wanaosikia haya wakaenda kutupa kila kitu. Hapana. Amitriptilini au benzeksoli iliyotumika muda mrefu haikatwi ghafla, maana mtu anaweza kutapika, kutokwa jasho na kukosa usingizi. Hupunguzwa hatua kwa hatua, na aliyeiandika ndiye anayepanga.

Benzeksoli nayo ina uwongo wake, kwamba ndiyo "dawa ya akili". Nimeona familia zikiacha sindano ya kila mwezi ya skizofrenia, ugonjwa wa akili, na kubaki na benzeksoli, kwa kuwa mgonjwa anaipenda. Kazi yake ni kutuliza mtetemeko na mwili kukakamaa kunakoletwa na dawa kama haloperidoli. Haitibu skizofrenia. Shirika la Afya Duniani linashauri isitolewe kwa kila mgonjwa kama kinga, na ikizidi inaweza yenyewe kumfanya mtu aone mambo yasiyokuwapo.

Dhana nyingine ninazokutana nazo ni hizi. "Mtoto ana mtindio wa ubongo, ndiyo maana ana mate mengi." Mara nyingi mate yake ni ya kiasi cha kawaida, shida ni kuyameza. Anza na jinsi anavyoketi na kichwa kinavyoshikiliwa. Dawa ya kukausha mate inaweza kusaidia, ila itafunga choo na kuyafanya makohozi yawe mazito, kwa hiyo isianzishwe kwa kushauriwa na mama mwenzako kwenye foleni.

"Nimempunguzia maji asilowanishe daipa." Daipa ni ghali, naelewa. Lakini mkojo mzito huwasha kibofu na hukaribisha maambukizi, choo kinagoma, na ndipo kuchanganyikiwa kunapoanza. Mpunguzie jioni tu, na mchana anywe, isipokuwa kama daktari amempimia maji kwa sababu ya moyo au figo.

"Sugua penye wekundu kwa spiriti." Usisugue. Ngozi iliyobaki nyekundu baada ya kugeuzwa imeshaanza kuumia chini. Mgeuze kila baada ya saa mbili hivi, inua visigino kwa mto uliowekwa chini ya mashavu ya miguu, na hiyo pete ya mpira mliyomkalisha itoeni leo, inabana damu pembeni.

Na kama unasoma haya huku kuna mtu wako ameanza kuchanganyikiwa wiki hii, usisubiri kliniki ya mwezi ujao. Ana sukari? Mpime sasa. Mguse chini ya kitovu, uliza mara ya mwisho alipokwenda choo, kisha chukua mfuko wa dawa na umpeleke hospitali leo. Ukifika, waambie neno ghafla, na siku ilipoanza.