Koo limepona, mbona miguu ina madoa?

Mwanangu wa miaka 6 aliumwa koo, akapona. Wiki mbili baadaye ametokwa na madoa ya zambarau miguuni na matakoni, na vifundo vinamuuma. Vinahusiana?

Huenda, mama. Dalili hizo zinafanana na vaskulaitisi ya IgA, ugonjwa wa mishipa midogo ya damu kuvimba, ambao zamani uliitwa kwa majina ya madaktari wawili wa Ujerumani, Henoch na Schönlein. Mara nyingi hutanguliwa na maambukizi ya njia ya hewa, na bakteria aina ya streptokoki, wale wa koo, ni miongoni mwa wanaoshukiwa.

IgA ni kingamwili zinazolinda koo, pua na utumbo. Kwa watoto wachache, baadhi ya kingamwili hizo huwa na kasoro. Hushikana mafungu mafungu na kunasa kwenye kuta za mishipa midogo, kisha kinga ya mwili huzishambulia kuta hizo hizo. Damu huvuja chini ya ngozi. Ndiyo maana ukibonyeza doa kwa glasi, halipotei.

Basi nimnunulie antibiotiki?

Tafadhali usinunue kabla hajapimwa. Madoa hayo si bakteria waliojificha kwenye ngozi, na antibiotiki haziyaondoi. Daktari huziandika akikuta koo bado lina maambukizi. Hata dawa za maumivu kama ibuprofeni zisubiri figo zipimwe, maana ugonjwa huu huweza kuzigusa figo pia.

Atawaambukiza wadogo zake?

Madoa hayaambukizi.

Nihofie nini?

Kuna hali mbili za kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo. Ya kwanza ni tumbo kusokota vikali, kutapika au choo chenye damu, maana utumbo unaweza kuwa umejiingiza ndani yake wenyewe. Ya pili ni madoa yanayokuja pamoja na homa kali, shingo kukakamaa au mtoto kulegea: huo unaweza kuwa ugonjwa mwingine kabisa, bakteria walioingia kwenye damu, na hapo antibiotiki ndizo zinazookoa maisha.

Watoto wengi hupona ndani ya wiki chache, ingawa madoa huweza kurudi. Ninachowasihi wazazi ni figo. Damu na protini huweza kuwamo kwenye mkojo bila jicho kuona, na mtoto akawa anacheza kama kawaida. Mpeleke apimwe mkojo na presha kwa tarehe atakazopangiwa, kwa kawaida kwa muda wa miezi 6, hata kama ngozi imeshatakata.