Helikesi ya RNA: Protini Inayofumua Nyuzi Ndani ya Seli

Baada ya somo la afya katika skuli moja ya Wete, wanafunzi wa baiolojia walituuliza maswali yafuatayo.

RNA, yaani molekuli inayobeba maagizo ya kutengeneza protini, ni uzi mmoja tu. Kwa nini ihitaji kufumuliwa?

Kwa sababu haikai ikiwa imenyooka. RNA hujikunja na kujishika yenyewe kwa yenyewe, mithili ya kamba ya usumba iliyotupwa ndani ya ngalawa bila ya kuviringwa, na ribosomu, ambayo huisoma ili kutengeneza protini, haipati pa kuanzia. Helikesi ni kimeng'enya kinachoyafungua mafundo hayo kwa nishati ya ATP, molekuli inayoipa seli nguvu.

Imeundwa vipi?

Sehemu yake kuu ni vipande viwili vinavyofanana, vilivyoungwa kwa kiungo kinachonyumbuka, na mfano wake ni viganja viwili vya mama anayesokota kamba za makumbi. ATP hukaa katika ufa baina ya viganja hivyo. Katika jamaa iitwayo DEAD, iliyo kubwa kuliko zote, ATP na RNA zikishakamatwa pamoja viganja hujifunga, uzi mmoja hupindwa, na uzi ulioambatana nao hubanduka. ATP ikishavunjwa, viganja hufunguka na kuuachia. Jina hilo, lililotolewa mwaka 1989 na ambalo kwa Kiingereza lina maana ya "mfu", lisimtishe msomaji: ni herufi za asidi amino nne zinazofuatana ndani ya protini hiyo, yaani aspatiki, glutamiki, alanini na aspatiki tena.

Ina uhusiano gani na maradhi?

Mkubwa, na hili ndilo tunalotaka lieleweke zaidi. Helikesi iitwayo RIG-I haipo kwa ajili ya kutengeneza protini, bali ni mlinzi. RNA zetu zinazosomwa na ribosomu huvikwa kofia kwenye ncha, ilhali RNA za virusi wengi huwa na ncha tupu yenye fosfeti tatu. RIG-I ikiigusa ncha ya namna hiyo kwenye nyuzi mbili zilizoshikana, hubadili umbo na kupeleka habari, na seli huanza kutoa interferoni, ambayo huzitahadharisha seli jirani. Kirusi cha dengue, homa inayoenezwa na mbu, nacho kina helikesi yake, NS3, inayotembea juu ya RNA na kumsaidia kuzaliana. Kwa hivyo ndani ya seli ya mgonjwa mmoja, helikesi moja humtumikia adui na nyingine hupiga mbiu ya hatari.

Aidha, hitilafu katika jeni ya DDX3X, ambayo nayo hutengeneza helikesi, husababisha ulemavu wa akili, hasa kwa watoto wa kike.

Basi kwa nini hatupewi dawa ya kuizuia helikesi ya dengue?

Bado haijapatikana. Ufa wa ATP wa NS3 unafanana na wa helikesi zetu, na dawa inayoziba wote wawili itamdhuru mgonjwa mwenyewe. Kwa sasa mgonjwa hunyweshwa maji kwa wingi na kupewa parasetamoli. Asipewe aspirini wala ibuprofeni, kwani huzidisha hatari ya kutokwa na damu. Na akiumwa sana na tumbo, akitapika mfululizo au fizi zikivuja damu, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama homa imeshuka.