Je, wajua kwa nini hoteli ya Chumbe huwavusha wanafunzi bure?

Kisiwa cha Chumbe kiko kusini-magharibi ya Mji wa Zanzibar. Kina mnara wa taa uliojengwa 1904, msikiti wa zamani, na hoteli ya banda 7 tu. Mgeni hulipa pesa nzuri kulala pale. Mwanafunzi wa skuli ya Unguja halipi kitu: huvushwa kwa boti, huvishwa jaketi la kuelea na miwani ya kuzamia, akachungulia matumbawe ambayo pengine hajawahi kuyaona ingawa kazaliwa pwani.

Si sadaka. Ni hesabu ya biashara.

Chumbe haiuzi kitanda. Inauza mwamba wa matumbawe ulio upande wa magharibi, ambao serikali iliutangaza kuwa hifadhi mwaka 1994 na kuikabidhi kampuni binafsi iusimamie. Na bahari haina ukuta. Juya moja, yaani wavu wa kuburuta, likikokotwa pale usiku, mali imekwisha. Kwa hiyo usalama wa hoteli umo mikononi mwa watu wasiolala hotelini: wavuvi, masheha (viongozi wa shehia), walimu, wazazi. Wadau ndio hao.

Walinzi wenyewe walitolewa miongoni mwa wavuvi, na hawabebi silaha. Ngalawa ikiingia mpakani, mlinzi huisogelea, wakasalimiana na kuulizana hali kama ilivyo ada, ndipo aeleze. Samaki akiachwa akawa mkubwa hutaga mayai mengi mno kuliko wadogo, na mkondo huyachukua mayai na vichanga hadi nje ya hifadhi, kule madema, mitego ya samaki, yanakoruhusiwa. Semina ya ukumbini haifiki hapo. Mvuvi humsikiliza mvuvi mwenzake.

Linganisha na msaada tuliouzoea. Hoteli inafunguliwa, njia ya kwendea diko, wanakofikia wavuvi na vyombo vyao, inafungwa, kisha inakuja hundi kubwa ya kadibodi, picha na sheha, na bomba moja la maji. Bomba likiharibika hakuna wa kuulizwa. Msaada wa namna hiyo hauhusiani na biashara yenyewe, ndiyo maana mapato yakiyumba hukatwa wa kwanza. Chumbe ikiwaacha walinzi, imeuacha na mwamba.

Pengo lipo, tusijidanganye. Mtindo huu hula mkononi mwa watalii, na mwaka 2020 Uviko ulionyesha jinsi mkono huo unavyoweza kukatika ghafla. Hapo ndipo wafadhili na asasi za kiraia zinapohitajika, kushika elimu na ulinzi hadi wageni warudi.

Na hoteli ya vyumba 200 huko Kiwengwa, pwani ya mashariki ya Unguja? Mtindo wa banda 7 hauwezi kuilipia mikopo yake. Ila nayo ina kitu isichoweza kukilinda peke yake: maji ya kisima. Yanatoka chini ya ardhi ileile anayochota mama wa kijijini, na yakivutwa kupita kiasi, chumvi ya bahari hupenya visima vya pande zote mbili.