Umeacha nyama? Basi pakua maharage, sio mchuzi wake

Mimi ni mtu wa lishe na swali naloulizwa sana na wasiokula nyama, wakiwemo ndugu zetu wengi Wasabato, ni hili: sasa protini ntaitoa wapi? Mi huwa naanza kwa kuuliza jana ulikula nini, na hapo ndo tatizo linajionyesha, maana wengi wakiacha nyama wanaitoa tu kwenye sahani bila kuweka kitu, anabaki na ugali, kabichi na mchicha. Mchicha naupenda na naushauri kila siku lakini gramu 100 zilizopikwa zina protini gramu 2 au 3 tu, hauwezi kushika nafasi ya nyama hata ule bakuli zima.

Mahitaji yenyewe sio makubwa kama watu wa gym wanavyotutisha. Mtu mzima anahitaji gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo wa kilo 60 ni gramu 48 kwa siku, ila asiyekula nyama mi napenda afike kama 60 kwa sababu protini ya mimea haimeng'enywi yote vizuri.

Tuhesabu basi. Kikombe cha maharage yaliyoiva, na namaanisha maharage yenyewe sio upawa wa mchuzi wenye punje kumi zinaelea, kina kama gramu 15. Kikombe cha choroko gramu 14. Kiganja cha karanga 7, kikombe cha maziwa 8, yai moja 6. Ugali nao unachangia, unga wa dona gramu 200 una kama 16, ila ukila wa muhogo mtupu hapo hupati karibu kitu, kwa hiyo ndugu zangu mnaokula ugali wa muhogo nyie ongezeni kunde na mbaazi kweli kweli. Ukinywa maziwa na karanga asubuhi, mchana dona na maharage kikombe, usiku wali na choroko, umeshavuka 60 na hujagusa nyama.

Na makande tuyaheshimu jamani. Mahindi yana upungufu wa lisini, moja ya vijenzi vya protini, maharage yanayo ya kutosha, halafu maharage yamepungukiwa methionini, kijenzi kingine, ambayo mahindi yanayo, kwa hiyo vikikutana vinazibiana mapengo. Mbaazi za nazi na mahamri ni mambo hayo hayo. Wala si lazima vikutane sahani moja, mradi uvile ndani ya siku hiyo.

Sasa soya, hapa naomba tusikilizane vizuri. Soya kavu ina protini kama gramu 36 kwa kila gramu 100, ni nyingi kuliko maharage, ndo maana kila mtu anaiweka kwenye unga wa uji. Lakini naona watu wanapeleka soya mbichi mashine inasagwa hivyo hivyo, na soya mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kumeng'enya hiyo hiyo protini unayoitafuta! Iloweke, ichemshe kama nusu saa, ianike ikauke, ikaange kidogo ndo usage. Na huo unga unaonunua tayari muulize muuzaji soya yake aliiandaaje, akishindwa kukueleza acha.

Karanga nazo chagua, zilizosinyaa au zenye ukungu tupa, usimpe hata kuku, maana sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haiishi kwa kupika. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi.

Kwa watoto nasisitiza maziwa na mayai kama mnakula, tumbo lao dogo, hawawezi kumaliza maharage ya kutosha, na maharage yao muwapondee. Chai ya rangi ikae mbali na mlo kwa sababu inazuia madini ya chuma, badala yake kamulia ndimu kwenye choroko au kula embe, hivyo vinasaidia mwili kuyapata madini hayo.

Asiyekula kabisa maziwa wala mayai ajue vitamini B12 haimo kwenye maharage wala mboga za majani, hata ale vizuri namna gani. Huyo anahitaji vidonge au chakula kilichoongezewa B12, na mama mjamzito au anayenyonyesha wa aina hii asisubiri dalili za upungufu, amwambie nesi kliniki hudhurio la kwanza kabisa.